Marehemu wa Gari la Mkate

Mwalimu alivaa bisibisi shingoni. Ilikuwa na mpini mwekundu, imefungwa kwa kamba ya kiatu, na katika miaka yote niliyomjua sikuona mtu akiazimwa. Naanza na bisibisi kwa sababu mtu huyohuyo ndiye aliyetuhubiria asubuhi na alasiri kwamba maarifa yasiyogawanywa huoza kama maziwa. Ukimwomba bisibisi dakika moja tu ukaze plagi, alikwambia, "Leta plagi hapa." Plagi ndiyo iliyokwenda kwa bisibisi.

"Lakini Mwalimu," nilimwuliza siku moja, "si unasema vitu ni vya wote?"

"Programu ni za wote. Ukinakili programu yangu, mimi bado ninayo. Ukichukua bisibisi yangu, mimi ninabaki na nini? Ninabaki na kamba."

Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa sababu chuo kikuu kilifungwa baada ya mgomo, na hakuna aliyejua kingefunguliwa lini. Nilikuwa nimesoma hisabati kiasi cha kutosha kumdharau kila mtu, na falsafa kiasi cha kutosha kubishana na wale waliobaki. Mkurugenzi wa chuo kidogo cha biashara mjini Kakamega akanichukua nimsaidie Mwalimu kufundisha kompyuta. Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati. Kila tulipokaribia kusema jambo la maana, huko chini mtu alikata bati.

Watu wote wa Kakamega walikuwa na maoni kuhusu siasa, mvua na miwa. Mwalimu alikuwa na maoni kuhusu vitu ambavyo wengi hawakujua kwamba vinaweza kuwa na maoni. Kipanya cha kompyuta, kwa mfano. Alisema Mungu alimpa binadamu vidole kumi, kiwanda kikaja kumwachia kimoja. Akavikusanya vipanya vyote vya chuo, akavifungia ndani ya debe la mafuta ya kupikia, na mwanafunzi aliyetaka kimoja alipaswa kueleza mbele ya darasa vidole vyake vingine vina ugonjwa gani.

Programu alizozichukia zaidi ni zile zinazouzwa zikiwa zimefungwa, usizoweza kuona zimeandikwaje. "Wazee wametukataza kununua mbuzi ndani ya gunia," alisema. "Hawa wamefanya kubwa zaidi. Wametuuzia gunia, wamelishona, kisha wanatuambia mbuzi bado ni wao."

Yeye alitumia mfumo aliokuwa ameupata kwenye sidii iliyobandikwa juu ya jarida la ng'ambo. Ulikuwa umeandikwa na watu wengi wasiojuana, kila mmoja kwake, na yeyote aliruhusiwa kuufungua, kuurekebisha na kumpa mwingine, mradi na yeye asiufunge. Wanafunzi hawakuelewa. Mtu atafanyaje kazi halafu agawe? Mwalimu akawaeleza kwa kuku. Kwetu mtu humpa jirani kuku jike amfugie. Kuku akiangua, vifaranga wanagawanywa, na jirani naye anaweza kumpa mtu wa tatu wake mmoja. Miaka ikipita, hakuna boma lisilo na kuku wa ukoo ule, na hakuna anayeweza kukataza.

"Na kideri kikiingia?" niliuliza. "Si wote watakufa pamoja, kwa kuwa ni ukoo mmoja?"

Darasa likacheka. Mwalimu aliipapasa bisibisi yake, akasema swali langu ni zuri, na kwamba niende nikahesabu vipanya ndani ya debe.

Alipenda kubishana kuliko kushinda. Ukikubaliana naye haraka, alibadilisha upande. Niliwahi kumwambia, ili nimnyamazishe tu, kwamba ni kweli kila mtu anapaswa kuona ndani ya programu anazotumia. Akanikazia macho. "Mama yangu anapika obusuma kila siku, ugali wa kusagisha. Unataka kwanza aone ndani ya kinu cha posho?" Tukabishana mpaka saa ya chakula, yeye akiwa upande wangu wa jana na mimi nikiwa upande wake.

Kuhusu vyombo vya kuandikia programu, alikuwa mkali kama mchungaji. Alisema chombo hicho ni sawa na jembe. Dukani unanunua chuma peke yake. Mpini unakata mwenyewe, kwa urefu wa mgongo wako. Kwa hiyo kila mwanafunzi alipewa skrini nyeusi tupu na kuambiwa aipange atakavyo. Mwenyewe alikuwa na mpangilio wake ambao vitufe vyake havikufanana na vya mtu yeyote duniani. Mwanafunzi mmoja aliyekalia kiti chake kwa bahati mbaya alibonyeza kitufe cha kuhifadhi kazi, mashine ikazimika.

"Andikeni maelezo ndani ya programu zenu," alituambia. "Atakayekuja kuzisoma baadaye pengine ni wewe mwenyewe, na utakuwa mjinga zaidi kuliko leo."

Oni lake moja ndilo lililomponza, nami nitalieleza taratibu. Hakuvumilia programu inayouliza, "Je, una uhakika?" Aliona ni matusi. "Mimi ni mtu mzima, nina mke, nina watoto, nimebonyeza. Mashine ni nani hata iniulize kama nina uhakika?" Katika programu zote alizoandika kwa mkono wake swali hilo halikuwamo. Ukibonyeza, umebonyeza.

Mkewe alifundisha shule ya msingi, alikuwa mtu wa Butere, na alikuwa na akili kali kuliko sisi sote wawili. Alikuwa amekaa na maoni yale nyumbani kwa miaka. "Huyu mume wangu," aliniambia mara ya kwanza niliyofika kwao Shirere, "akikuta mlango umefungwa anasema ni dhuluma. Akikuta uko wazi, anauliza nani ameuacha wazi. Karibu chai, binti."

Mwaka ule Mkurugenzi aliletewa pendekezo na kampuni fulani ya Nairobi. Walitaka kuleta mashine zao zenye programu zilizofungwa, zisimamiwe kutoka kwa mashine moja kubwa huko kwao. Mkurugenzi alizipenda kwa sababu zilikuwa mpya na zilifunikwa kwa plastiki. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mfanyabiashara mnene mwenye kicheko cha kwaya, na Mwalimu alimpenda, nadhani, kwa kuwa ndiye pekee aliyemruhusu kufungua mashine za chuo.

"Mwalimu," alimwambia mbele yangu, "unasema hatuhitaji mashine kubwa ya Nairobi. Haya. Nionyeshe. Ukiweza kuunganisha watu bila hiyo mashine, darasa linabaki mikononi mwako. Muhula ukiisha sijaona kitu, nasaini na watu wa Nairobi, na hayo mafunzo yako ya kuku yamekwisha."

Mwalimu alifurahi kama bwana harusi. Ndivyo ulivyozaliwa mtandao wa mkate.

Hatukuwa na laini za simu za kutegemea, lakini tulikuwa na gari la mkate. Gari lile lilitoka Kakamega alfajiri likienda Butere siku moja, upande wa msitu hadi Isecheno siku nyingine, na Likuyani siku nyingine. Butere kulikuwa na kompyuta kwenye ofisi ya kikundi cha wakulima wa miwa. Isecheno kulikuwa na moja kwenye kituo cha msitu, iliyoachwa na mtafiti wa nyani. Likuyani ilikuwa kwenye ghala la mahindi. Mwalimu aliweka disketi ndani ya kisahani cha sabuni chenye kifuniko, dereva wa mkate akakichomeka kati ya kreti, na habari zikasafiri zikinukia hamira.

Jambo la kuelewa, na alilirudia mpaka wapishi wa hoteli ya jirani wakalijua, ni kwamba hapakuwa na kituo kikuu. Kila kompyuta ilitunza matangazo yote. Disketi ikifika, programu ililinganisha: kisichokuwepo huku kinaletwa, kisichokuwepo kule kinapelekwa. Butere ikiungua, Likuyani ina kila kitu. Hakuna aliyekuwa mkubwa, hata yeye.

Na ukweli usemwe, watu walipenda. Zamani tangazo la msiba au harusi lilisubiri zamu yake redioni kutoka Nairobi, na jina la kijiji chako likasomwa na mtu asiyejua kulitamka. Sasa mtu wa Likuyani aliandika kwamba ana mbegu, na kabla ya wiki kwisha mtu wa Isecheno alikuwa amejibu. Palikuwa na ng'ombe waliopotea, mazoezi ya kwaya, fahali wa Khayega anayetafuta wa kupigana naye. Dereva wa mkate alianza kujiona mwanahabari. "Mwarimu," alisema, "siku hizi wananingojanga kuriko mkate wenyewe."

Kisha Mwalimu akafa.

Ilikuwa hivi. Alikuwa akiwafundisha wanafunzi kuandika kila aina ya tangazo, na siku hiyo ilikuwa zamu ya tangazo la msiba. Akauliza darasa limpe jina la mfano. Kimya. Unajua kimya cha Waluhya wanapoombwa jina la mtu aliye hai wamwandike kuwa amekufa.

"Mwalimu," alisema mwanafunzi mmoja, mama wa makamo aliyekuwa karani wa duka la dawa, "weka jina la kitu. Usiweke la mtu."

"Kitu hakifi."

"Basi weka la mbwa."

"Nani atatangaza kifo cha mbwa? Jamani, hili ni zoezi! Maneno hayaui mtu. Mnasoma kompyuta mchana, jioni mnaogopa herufi?"

Yule mama akageukia dirishani. Mwalimu akaandika jina lake mwenyewe, majina yote matatu, na kwamba ameaga dunia ghafla nyumbani kwake Shirere, akiacha mjane na watoto. Lilikuwa tangazo zuri. Hata alijisifu kidogo, kuhusu uvumilivu wake. Kisha akabonyeza kitufe ili kuwaonyesha namna ya kuhifadhi, na kwa kuwa programu yake haikumwuliza kama ana uhakika, tangazo likaingia moja kwa moja kwenye disketi. Kengele ililia. Tukaenda chai. Dereva wa mkate akapita kuchukua kisahani chake.

Siku ya Jumamosi nilikuwa kwao nimefuata waya. Mwalimu alikuwa ameketi barazani, kifua wazi, akinyoa ndevu. Nusu ya uso ilikuwa nyeupe kwa povu. Tukasikia mlio kutoka barabarani, mlio ambao mtu wa kwetu haulizi ni wa nini. Lango likafunguka kwa kishindo na shangazi wa mkewe akaingia mbio, kitambaa kimefungwa kiunoni, mikono kichwani.

"Uwiii! Mkwe wetu! Umemwachia nani mtoto wetu! Uwiii!"

Nyuma yake walikuja watu wa Butere, wanawake wakiwa na kuni kichwani, mzee mmoja amebeba ingokho, kuku wa msiba, mikononi, na vijana wenye ngoma za isukuti. Shangazi alijitupa chini, akainuka, akamwona marehemu amesimama barazani na uso nusu mweupe. Akapiga mlio wa pili, na huo haukuwa wa msiba.

Mwalimu hakuwa mtu wa kuogopa mizimu. Lakini alikuwa mkwe, na mkwe hasimami kifua wazi mbele ya shangazi wa mkewe. Akaruka ndani na kufunga mlango.

"Nimemwona!" shangazi alisema. "Nimemwona amesimama!"

"Yu hai, mama," nilimwambia. "Ni makosa ya kompyuta."

"Kama yu hai, mbona amejificha?"

"Hana shati."

"Marehemu ana haja gani na shati?"

Shati lake safi lilikuwa limeanikwa kwenye kamba, nyuma ya waombolezaji, na hakukuwa na njia ya kulifikia bila kupita katikati yao. Kutoka ndani tulisikia sauti yake ikipita chini ya mlango: "Nileteeni shati! Nipo! Nileteeni shati!" Wanawake wawili walianza kuimba kwa woga. Mkewe alitokea jikoni na mwiko, akaangalia watu wake wa nyumbani, akaangalia kuni, akaangalia mlango. Alikwenda polepole kwenye kamba, akachukua shati, akalipitisha dirishani, akasema, "Vaa. Umefiwa."

Alipotoka, vifungo vimepishana, akaanza kueleza. Angeweza kusema samahani. Yeye alieleza mtandao. Alieleza disketi, ulinganishaji, jinsi kila kituo kilivyo sawa na kingine. Waombolezaji walisimama na mizigo yao kichwani.

"Kwa hiyo," shangazi alisema, "hiyo habari yako ya kufa, nani anaifuta?"

"Hakuna."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna mtu mmoja mwenye uwezo huo, mama. Ndio uzuri wake."

Shangazi alikaza kitambaa chake kiunoni. "Nimelia kutoka Butere. Nimelia mpaka watu wakanipisha njiani. Unaniambia uzuri?"

Ikabidi kuku achinjwe, maana shangazi alisema mtu aliyeliliwa akiwa hai hawezi kuachwa hivihivi. Mwalimu alimla, huku akinung'unika kwamba ni ushirikina, na akaomba kuongezewa mchuzi. Vijana wa isukuti nao walisema hawakubeba ngoma hadi Shirere ili waziangalie. Wakapiga. Watu wakacheza. Mwalimu naye alicheza katika matanga yake, kwa kiasi, kama mtu asiyetaka kumkosea marehemu.

Jumatatu alifuta tangazo kwenye kompyuta ya Kakamega. Gari la mkate likarudi kutoka Butere, programu ikaona Kakamega haina tangazo ambalo Butere inalo, ikalirudisha kwa uaminifu mkubwa. Alipowaandikia watu wa Butere walifute, walilifuta, Isecheno ikawarudishia. Isecheno walipofuta, Likuyani ikawaletea. Mashine zile zilifanya kazi kama alivyoziagiza, wala hatukupata kosa hata moja.

"Mwarimu," dereva alisema akishusha kreti, "umekufa tena Rikuyani. Wanakusarimia."

Padri wa Likuyani alimwombea. Isecheno walisimamisha kazi kwa dakika ya heshima, ambayo walinzi wa msitu waliifanya kuwa alasiri nzima. Sokoni Kakamega wanawake walimshika mkewe mikono na kumwambia ajikaze. "Ni mimi peke yangu mji huu," alilalamika kwangu, "ninayempikia marehemu na kugombana naye juu ya chumvi."

Muhula ulikuwa unaisha. Mkurugenzi akatuita ofisini, na safari hii hakucheka.

"Mtandao wako nimeupenda," alisema. "Sikudanganyi. Watu wananisimamisha barabarani kunisifu. Nitawaambia wa Nairobi wabaki na plastiki zao. Ila nataka kitu kimoja. Weka ufunguo. Ufunguo mmoja, ukae kwangu. Nikifuta kitu hapa, kifutike kote. Tuanze na kifo chako."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Baada ya kifo changu utafuta nini?"

"Upuuzi."

"Nani atasema upuuzi ni upi?"

Mkurugenzi alivuta droo, akaifunga. "Mwalimu, wewe hukai na watu wakubwa. Juzi chifu ameniuliza ni nani aliyetangaza mkutano wa wakulima wa miwa wa Butere, bila kibali. Nikamwambia ni mkate. Unafikiri alicheka?"

Hapo mambo yakawa wazi hata kwangu. Mwalimu akiweka ufunguo, angerudi kuwa hai, angebaki na darasa, na mtandao ungeendelea. Akikataa, vyote vimekwenda. Nilimsihi auweke. Nilimwambia mbele ya Mkurugenzi kwamba nyumba ambayo uongo ukiingia hautoki si uhuru, ni nyumba ya wendawazimu, na kwamba yeye ndiye ushahidi. Aliishika bisibisi yake kwa mikono miwili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumshinda na sikufurahia.

Mkewe alimwambia kwa ufupi zaidi. "Weka. Futa. Kisha utupe mtoni."

"Ufunguo hautupiki," alisema. "Mtu akishajua kwamba uliwahi kuwepo, atautafuta."

Aliuandika. Hilo watu wengi hawalijui, wanadhani alikataa tu kwa kiburi. Aliuandika asubuhi moja, mimi nimekaa pembeni, na haukumchukua muda. Ulikuwa mistari michache. Tuliujaribu kwenye mashine mbili za darasani na jina lake likatoweka kote kama halikuwahi kuandikwa. Akalirudisha. Akalifuta tena. Nilimwona akitabasamu, na tabasamu lile sikulipenda. Ni lile ambalo mtu huwa nalo akigundua kwamba mbwa wa jirani anamtii. Kisha akaweka kidole juu ya kitufe cha kuutia kwenye disketi. Nje dereva wa mkate alikuwa anapiga honi.

"Una uhakika?" akaniuliza.

Ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akiuliza swali hilo. Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa na hoja zote. Nikakumbuka tabasamu.

"Sina," nikasema.

Akafuta mistari ile, mmoja mmoja, akampelekea dereva disketi yake bila ufunguo. Alimwendea Mkurugenzi na kumwambia, "Basi nibaki marehemu."

Mashine za Nairobi zilifika muhula uliofuata. Sitadanganya: zilifanya kazi. Vipanya vilitolewa kwenye debe, wanafunzi wengi walipata kazi kwa kujua kuvisogeza, na karani wa duka la dawa alifungua ofisi yake ya kupiga chapa. Mwalimu aliondoka na kompyuta moja, aliyokuwa ameiunga kwa vipande vyake mwenyewe. Nami chuo kikuu kikafunguliwa, nikarudi kubishana na watu wenye majoho.

Nilimwona tena karne ikikaribia kwisha. Nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha upande wa Likuyani, na watu wakaniambia kwamba nyuma ya ghala la mahindi kuna mzee mwenye kompyuta. Nilimkuta amekonda, mvi zimemshika pembeni. Alikuwa akikohoa, na alikohoa kwa muda kabla ya kunisalimu. Mkewe, aliyehamishiwa shule ya pale, alinikumbatia na kuniambia kwamba kifua kinamsumbua, na kwamba anabishana hata na daktari.

Mtandao haukuwa umekufa. Mkurugenzi alipojitoa, Butere, Isecheno na Likuyani ziliendelea bila Kakamega, na shule mbili zikaongezeka. Hakuna aliyehitaji kuwaruhusu.

"Na tangazo lako?" niliuliza.

"Lipo. Litaendaje?"

Alilifungua. Majina yake matatu, kufa ghafla, mjane na watoto, uvumilivu wake. Lakini chini yake palikuwa na maandishi ambayo sikuyajua. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kufuta, watu walikuwa wameanza kuongeza. *Si kweli, tumemwona soko la Likuyani akinunua viazi.* Isecheno: *Amefika leo kutengeneza mashine. Yu hai na ana njaa.* Butere, bila shaka kwa mkono wa mtu aliyemwandikia shangazi: *Nilimlilia, akala kuku wangu. Yu hai.* Yalikuwa mengi, ya miaka, skrini baada ya skrini. Mtu mmoja alikuwa ameandika: *Nimemwona kanisani. Amekonda. Mwombeeni.*

"Sikuwaambia wafanye hivyo," alisema. "Walianza wenyewe."

Nilitafuta cha kupinga, kwa sababu ndiyo kazi yangu. "Haya. Lakini siku ukifa kweli, nani ataamini? Wataandika tena kwamba umekufa, na watu watasema ni lile zoezi."

"Hawataamini."

"Sasa?"

"Watakuja kuangalia." Alikohoa, akafuta macho. "Hiyo ndiyo nataka. Mtu asiamini skrini. Aje."

"Si kila mtu ana nafasi ya kuja, Mwalimu. Watu wana mashamba. Ndiyo maana ulitengeneza mtandao."

"Nilitengeneza mtandao ili wajue pa kuja."

"Hiyo umeibuni sasa hivi."

"Na kama nimeibuni sasa hivi inakuwa uongo? Nani alikufundisha hisabati wewe?"

Mkewe aliweka chai mezani, akauliza tukianza tutamaliza saa ngapi. Mwalimu alinisogezea kibodi na kunionyesha nafasi tupu chini ya maneno ya yule aliyeomba watu wamwombee. Nikasema mimi siandiki jambo nisilolihakiki. Akasema ndiyo, na nihakiki basi, na akaendelea kunieleza kwa nini sina hoja, akipunga kikombe, chai ikimwagikia shati.

Nilimwangalia kwa muda. Kisha nikaandika jina langu, jina la shule yangu, na chini yake: *Nimekaa naye leo. Anabishana.*